Koti Kwenye Msumari

Nilivaa shati la Idi kwenda hospitali.
Somoe akanitazama: mtoto anakohoa,
wewe unatafuta pasi?
Nikamwambia hujui.
Mtu akifika kwa daktari na nguo za shamba
anaulizwa kwa sauti kubwa,
kana kwamba salfa imemziba masikio.

Tukapanda bodaboda, watatu, dereva wa nne,
Shaweji katikati, kifua kinafukuta,
mpaka Kitangari, ukungu bado umelala barabarani.

Ana miaka mitatu na tayari ana elimu yake:
jeupe lenye mifuko ni sindano.
Hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na paja lake.
Kwa Chinduli mwenye bucha, na koti lake la madoa,
alilia mpaka tukarudi bila nyama.

Nami nina elimu yangu.
Huku juu Newala maji yanapanda mlima kwa baiskeli,
ndoo ina bei,
na udongo mwekundu unakingoja kila kilichofuliwa.
Ukiona koti jeupe pe, kola hadi magoti,
jua kuna mtu kahesabu ndoo.
Aliyehesabu ndoo hatakosea kuhesabu vidonge.

Ndani, nyuma ya meza, alikaa binti
mwenye sweta la bluu, limefumuka kiwikoni,
na kitenge cha kuku.
Koti lilikuwa ukutani, kwenye msumari,
limenyooka, halina mtu.

Nikasalimu kwa adabu. Nikauliza:
"Daktari atafika saa ngapi?"
"Ameshafika."
Nikatazama nyuma yangu.

Somoe akanifinya, lakini mimi nilikuwa sijamaliza kuaibika.
"Samahani," nikasema, "tumetoka mbali.
Kama si taabu... lile koti."

Hakucheka, huyo Likokola
(jina nililisoma baadaye kwenye kadi).
Akaangalia msumari. Akamwangalia Shaweji,
ambaye alikwisha kumpanda mapajani,
anahesabu kuku: moja, mbili, moja, mbili,
anahema kwa shida, ila halii.
"Nikilivaa," akasema, "wewe utatulia, huyu atapiga kelele,
na mimi nitasikia kelele badala ya kifua.
Chagua."

Nani aliwahi kuambiwa na daktari achague?

Nikakumbuka juzi.
Nimerudi kutoka kwenye mikorosho, bomba mgongoni,
njano toka kofia hadi ndala,
kitambaa puani, miwani ya plastiki.
Mtoto yuko uani na kifuniko chake cha sufuria.
Akaniona. Ukelele alioupiga,
mbuzi wa jirani alikata kamba.
Ni mimi, nikasema, ni baba,
na sauti iliyotoka kitambaani haikuwa yangu.
Nikazidi kusogea, akazidi kukimbia,
akajibana nyuma ya pipa la maji,
akaniita mimi
nije nimwokoe na mimi:
"Baba! Baba, njoo!"

"Liache," nikamwambia daktari. "Liache hapo hapo."

Akakipasha moto kipimo kwapani, ndani ya sweta,
akakipitisha kifuani kwa mtoto kama anayetafuta shilingi gizani.
Akasikiliza. Akasikiliza tena mgongoni.
Kichomi, akasema, mmewahi.

Sindano haikukwepeka. Aliileta sista Akwilina,
na Shaweji alilia kilio chake chote,
macho hayako kwa sista,
yako kwenye kitenge.
Nadhani kuku nao sasa
wameingia kwenye orodha.

Nilipotoka niliaga, mkono kifuani, kama inavyopasa.
Somoe anaapa mpaka leo
kwamba niliuaga ukuta.